Barua ya Wazi kwa Wenye Maduka ya Vifaa vya Sauti

Kwa: Wamiliki, wakurugenzi na mameneja mauzo wa maduka ya vifaa vya sauti

YAH: WAUZAJI WENU NA NAMNA WANAVYOTUUZIA

Waheshimiwa,

Kichwa cha habari hapo juu chahusika.

Malalamiko kama haya hupelekwa kwa mtu mmoja, na mimi nilianza hivyo. Nilimwandikia mmoja wenu mara tatu. Barua ya kwanza niliipeleka kwa mkono, mhudumu wa kaunta akaigonga muhuri wa kupokelewa, na nakala yangu ninayo. Ya pili na ya tatu nilizituma kwa barua pepe, nikaambatanisha picha nne. Jibu pekee lililorudi ni ule ujumbe unaojituma wenyewe, ukinishukuru kwa kuwa mteja wao wa thamani. Mhusika anajijua. Sitamtaja, maana nimeshazunguka maduka mengi na aliyonitendea yeye nimeyakuta kwa wengine. Nikimtaja, ninyi mliobaki mtaisoma barua hii kama habari za jirani.

Nijieleze kidogo. Mimi ni fundi mitambo. Kwa miaka kumi na minane nimekaa nyuma ya mixa, mashine ya kuchanganyia sauti, kwenye harusi, kwenye mikutano, kwenye kwaya. Nimeshaunguza twita, ile spika ndogo ya sauti nyembamba, kwa uzembe wangu mwenyewe, nimeshapandisha spika ghorofa tatu kwa ngazi na kukuta ukumbi hauna soketi inayofanya kazi. Si mtaalamu wa maabara, lakini kwenye mambo ya sauti sihitaji kushikwa mkono. Pia ni mwanamke, na huko mbele mtaona kwa nini nimelitaja hilo.

Yaliyonikuta ni haya. Nilihitaji amplifaya ya nyumbani. Nina spika mbili nzuri, za zamani, za omu 4 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme). Wenye kazi wanajua maana yake: kwa volteji ileile, spika ya omu 4 inavuta mkondo wa umeme mara mbili ya spika ya omu 8, kwa hiyo si kila amplifaya inaimudu. Dukani nikaigeuza ile ya maonyesho, nikamulika nyuma kwa tochi ya simu, pale panapofungwa waya za spika. Pameandikwa omu 4–16. Nikasema naichukua. Muuzaji akaingia stoo, akatoka na boksi lililofungwa kwa utepe. Namba ya modeli kwenye boksi ilikuwa na herufi moja imezidi mwishoni. Nikamuuliza.

"Ni hiyohiyo dada, hiyo herufi ni ya rangi tu."

Nikaomba tulifungue.

"Tukilifungua hapa waranti inakufa."

Nikalipa. Hapo kosa ni langu na nalikubali, ingawa nilikuwa nimeshasimama dukani saa nzima na gari ya kukodi ilikuwa inanisubiri nje. Nyumbani nikafungua boksi, nikamulika tena kwa tochi ileile: 8–16. Ile herufi haikuwa ya rangi. Ilikuwa mashine nyingine kabisa, ndugu mdogo wa ile niliyoonyeshwa. Nikaifunga hivyohivyo, sauti chini, kwa sababu mtu ukishabeba mzigo hadi nyumbani unaanza kuomba uwe na bahati. Dakika ya ishirini taa nyekundu ikawaka na mziki ukakatika. Nikagusa kifuniko cha juu, nikarudisha mkono haraka.

Asubuhi yake nilikuwa mlangoni kwao kabla hawajafungua. Muuzaji yuleyule akaichukua risiti yangu, akaweka kidole chini kabisa: BIDHAA IKISHAUZWA HAIRUDISHWI. Akaitwa meneja. Meneja akasema amplifaya mpya lazima ipigwe saa mia moja ndipo itulie. Akaitwa fundi wao. Fundi akasema spika zangu ni mbovu. Spika zilikuwa nyumbani, hajapata kuziona.

Hayo ndiyo yaliyonileta hapa. Lakini kabla sijaanza kuhesabu, nisiwe mnyimi wa fadhila, maana ufundi huu nusu yake nimefundishwa na wauzaji.

Miaka mingi iliyopita niliingia duka moja dogo nikitaka sabufa kubwa zaidi, kwa sababu besi ya nyumbani ilikuwa inavuma kama pipa tupu. Nilidhani sabufa yangu haina nguvu. Muuzaji, mzee mmoja aliyekuwa ameajiriwa tu pale, hakunionyesha kitu chochote. Aliniuliza chumba kina ukubwa gani, spika nimeziweka wapi na nasikiliza nini. Akageuza kalenda ya zamani, akanipa kalamu, nikachora chumba. Nilipoweka alama ya sabufa kwenye kona akacheka. Akanieleza kwamba kona inaongeza besi, kuta mbili na sakafu zote zinairudisha, na kwamba nikinunua kubwa zaidi nitakuwa nimenunua mvumo mkubwa zaidi. "Kaisogeze, itoe kwenye kona. Isogeze kidogokidogo, usikilize. Usinunue kitu wiki hii."

Sikununua kitu wiki ile. Niliisogeza sabufa usiku huohuo, hatua moja na nusu, na nikaanza kusikia noti za gitaa la besi ambazo sikujua kwamba zimo. Yule mzee alipoteza mauzo ya siku moja. Tangu hapo mixa yangu ya kwanza, hedifoni zangu zote na maikrofoni nilizonunua kwa miaka tisa zilitoka kwake, na watu niliowaelekeza pale siwezi kuwahesabu.

Mwingine ni binti mmoja, mgeni kazini, nadhani hakuwa amemaliza hata mwezi. Nilimuuliza kama spika fulani inapokea waya mbili tofauti, wa besi na wa twita. Akasema, "Sijui. Ngoja tusome." Akatoa kijitabu cha maelezo, akakikunjua juu ya kaunta, tukasoma wote wawili, vichwa vimegusana. Jibu lilikuwa hapana. Nikanunua hata hivyo. Nimeuliza maswali mamia katika maduka yenu, na neno "sijui" nimelisikia mara moja tu, kwa binti yule.

Sasa malalamiko yangu.

1. Wati za kwenye boksi.

Niliongozana na kijana wa jirani kununua spika ya sherehe, ile yenye magurudumu na taa zinazocheza. Mbele ilibandikwa stika: wati 1,200. Nikaigeuza. Kwenye kibati cha nyuma, pale panapoandikwa umeme inaotumia, palikuwa na wati 85. Nikamwita muuzaji, nikamwonyesha, nikamuuliza mashine inayokula 85 inatoaje 1,200. Akanijibu kwamba hizo ni "wati za mziki".

Hakuna wati za mziki. Wati ni wati. Mashine haiwezi kutoa mfululizo nguvu zaidi ya inayoivuta ukutani, na nyingine inapotea kwa joto. Hesabu inayobandikwa mbele mara nyingi ni ile ya PMPO, ati nguvu ya kilele, ambayo haina kipimo kilichokubaliwa popote. Kila kiwanda kinapika ya kwake. Mchezo huu ni wa zamani kiasi kwamba Marekani mwaka 1974 tume yao ya biashara iliweka kanuni ya namna ya kutangaza nguvu za amplifaya za nyumbani, kwa sababu wati za matangazo zilikuwa zimeshaachana na wati za kweli.

Na hata wati zikiwa za kweli, wauzaji wenu hawasemi kwamba hazipandishi sauti namna watu wanavyodhani. Ukizidisha wati mara mbili, unaongeza desibeli 3 (desibeli ndicho kipimo cha ukubwa wa sauti), tofauti ambayo sikio linaitambua lakini haitingishi mtu. Ili sauti ionekane imekuwa kubwa mara mbili, unahitaji kama desibeli 10, yaani wati mara kumi. Kuna namba nyingine inayokaa kimya kwenye karatasi ya maelezo: spika ikipewa wati moja inatoa desibeli ngapi kwa umbali wa mita moja. Spika ya desibeli 90 ikipewa wati 50 inalia sawasawa na ya desibeli 87 iliyopewa wati 100. Namba hiyo haijapata kutajwa kwangu na muuzaji yeyote bila mimi kuiuliza, na wawili waliniuliza mimi ina maana gani.

Kijana wa jirani aliinunua ile spika. Taa zinacheza vizuri.

2. Namna tunavyosikilizishwa.

Hili ndilo linaloniudhi kuliko yote, kwa kuwa ndipo mteja anapoamini masikio yake, na masikio ndiyo yanayochezewa.

Muuzaji anawasha spika za bei ya chini, wimbo unapiga nusu dakika. Anahamia za bei ya juu. Zinasikika nzuri zaidi, besi imejaa, sauti ya mwimbaji imekaa mbele. Mteja anatikisa kichwa, anafungua pochi. Siku moja nilifanya kitu kidogo tu: nikaweka simu yangu kwenye kiti nilichokalia, ikiwa na programu ya kupimia desibeli. Simu si kipimo cha maabara, lakini kwa kulinganisha vitu viwili kwenye kiti kimoja inatosha. Za bei ya chini zilisoma 79. Za bei ya juu 83. Nikamwomba muuzaji apandishe zile za kwanza hadi zifike 83 nazo. Alicheka, akaniambia spika haziuzwi kwa simu. Nikang'ang'ania. Zilipolingana, tofauti ilibaki, sikatai, lakini ilikuwa ndogo kiasi kwamba mdogo wangu alipofumba macho alikosea mara mbili kati ya tatu.

Hakuna uchawi hapo. Watafiti Fletcher na Munson walishalipima jambo hili mwaka 1933: sauti ikiwa chini, sikio letu linasikia besi hafifu kuliko sauti za kati, na ukipandisha, besi inajaa. Kwa hiyo kilichopigwa kwa sauti kubwa kidogo hakisikiki kama kikubwa, kinasikika kama kizuri. Muuzaji anayejua hili na akaacha pengo la desibeli 4 ananidanganya bila kufungua mdomo. Asiyejua, ninyi mmemweka kazini bila kumfundisha.

Kuna na macho. Mwaka 1994 watafiti wa sauti Floyd Toole na Sean Olive waliwasikilizisha watu spika zilezile, mara wakiziona na mara zikiwa zimefichwa nyuma ya pazia. Walipoziona, alama walizotoa zilibadilika. Wasikilizaji wenyewe walikuwa wafanyakazi wa kampuni ya spika, watu wa fani. Sisi wengine tunaoingia dukani Jumamosi mchana tuna salama gani? Spika ya bei kubwa mmeiweka katikati, kwenye kipande cha zulia, imemulikwa na taa. Ya bei ndogo iko rafu ya chini, imebanwa ukutani, na wimbo unaoletewa mteja siku zote ni wa muuzaji. Uliorekodiwa vizuri, wa gitaa moja na mwanamke anayenong'ona, ambao unalia vizuri hata kwenye redio ya mkononi. Nikiomba kupiga wangu naambiwa waya wa simu umepotea.

3. Kinachosukumwa na kinachosahaulika.

Ukishakubali spika, unakuja mzigo wa pili: kebo. Niliwahi kuuziwa, au tuseme walijaribu kuniuzia, kebo za spika kwa robo ya bei ya spika zenyewe, kwa maelezo kwamba shaba ya kawaida "inachelewesha besi". Mita tatu za waya wa shaba wa milimita za mraba 1.5, kwenda na kurudi, zina ukinzani wa takriban omu 0.07. Weka hiyo mbele ya spika ya omu 8, uniambie nani atasikia. Waya mwembamba sana kwa umbali mrefu una madhara, hilo kweli, na dawa yake ni waya mnene, si waya wenye hadithi. Kebo ya HDMI, ile ya kuunganishia televisheni, nayo inabeba data. Ikifika imefika, isipofika picha inakatika au sauti inakwaruza. Haina trebo, yaani sauti nyembamba za juu, laini zaidi.

Sasa tazama upande wa pili. Mwenzangu mmoja alinunua mashine ya santuri kwenye duka hilohilo la kebo. Akauziwa mashine, akauziwa kitambaa maalumu cha kufutia, akauziwa na hizo kebo. Akaenda nyumbani, akafunga, sauti ikatoka nyembamba na ya mbali kama mtu anaongea kwenye debe. Akadhani sindano imekufa. Muuzaji hakumwambia kwamba amplifaya yake haina mlango wa santuri. Sindano inatoa milivolti chache tu, wakati mashine ya CD inatoa kama volti 2. Tena santuri hukatwa besi ikiwa imepunguzwa na trebo imeongezwa, kwa mpangilio uliokubaliwa na viwanda tangu mwaka 1954, na lazima kuwe na kifaa cha kuigeuza kuwa kama ilivyokuwa. Kifaa chenyewe ni kidogo, kinaingia mfukoni, na mlikuwa nacho kwenye rafu. Kingewaingizia faida ndogo, basi kikasahaulika.

4. Anayeongeleshwa.

Mdogo wangu wa kiume ni daktari wa meno. Besi na trebo kwake ni ndugu. Nimekwenda naye maduka matatu, kazi yake kubeba. Maduka yote matatu muuzaji alimsalimia yeye, akamwita bosi, akamwekea kiti. Katika duka la pili niliuliza sabufa inakata masafa kuanzia hezi ngapi. Muuzaji akamgeukia mdogo wangu: "Mwambie shemeji hiyo inajiseti yenyewe."

Shemeji. Sina la kuongeza kwenye namba hii.

5. Boksi na risiti.

Nimeshaeleza yangu. Niseme tu kwamba mnatuonyesha kimoja na kutuuzia kingine kilichofungwa, kisha mnasema tukikifungua waranti inakufa, tukikifikisha nyumbani hakirudi. Wahenga walikuwa na jina la biashara hiyo, mbuzi kwenye gunia. Na hili la kwamba kifaa kipya kinahitaji saa mia moja, wengine wanasema mia mbili: mpira wa spika mpya hulegea kidogo mwanzoni, sawa. Lakini amplifaya inayozimika kwa joto haitibiwi na muda. Mteja akizihesabu hizo saa mia mbili, kwa saa mbili kila jioni, anamaliza miezi mitatu na zaidi, na siku za kurudisha, kama zilikuwepo, zimekwisha zamani. Sitaki kuamini kwamba mtu alikaa akaipiga hesabu hiyo. Ila inawatokea vizuri mno.

Waheshimiwa, najua majibu yenu, maana nimeshayapata kaunta.

Mtasema wateja wenyewe ndio wanaoulizia wati. Wanauliza kwa kuwa ndiyo namba pekee mliyoiandika kwa herufi kubwa. Andikeni nyingine muone wataulizia nini.

Mtasema watu wanakuja kusikiliza kwenu, wanakunywa maji yenu, halafu wanakwenda kununua mtandaoni kwa bei pungufu. Hili lina ukweli na linauma, nimewaona watu wakipiga picha namba ya modeli na kutoka bila hata kuaga. Lakini fikirini. Mtandaoni hakuna chumba cha kusikilizia. Hakuna yule mzee na kalenda yake. Kitu pekee mlichonacho ambacho mtandao hauna ni mtu mkweli na mahali pa kusikiliza, na ndicho hichohicho mnachokiharibu. Mimi mwenyewe yule mzee alipostaafu nilianza kununua mtandaoni. Bei ilikuwa pungufu kidogo, lakini sikuhamia kwa bei. Nilihamia kwa sababu tovuti haikuwa inaniita shemeji.

Mtasema kijana anaishi kwa kamisheni, asipouza cha bei kubwa hali. Hapo simlaumu kijana. Aliyepanga kwamba kebo impe asilimia kubwa kuliko kile kifaa kidogo cha santuri si yeye. Muuzaji wangu wa amplifaya, yule wa herufi ya rangi, nilimwona siku niliyorudi akiitwa pembeni na meneja, na uso alioondoka nao haukuwa wa mtu aliyefurahia ujanja. Ndiyo maana barua hii nimewaandikia ninyi.

Ninachoomba hakihitaji kamati.

Kwenye kila lebo ya bei ya amplifaya na spika, andikeni wati za mfululizo kwa omu zilizotajwa, omu ambazo mashine inazimudu, na kwa spika, desibeli zake kwa wati moja na mita moja. Namba hizo mnazo, ziko kwenye kijitabu. Pasipo na namba ya kuaminika, andikeni kwamba kiwanda hakikuitoa. PMPO ing'oeni kabisa.

Mnunulieni kila muuzaji kipima desibeli, kile kidogo cha mkononi, na iwe kanuni ya duka kwamba spika mbili hazilinganishwi mpaka zimelinganishwa sauti. Mteja apige wimbo wake. Waya wa simu ufungwe kwenye meza kwa mnyororo kama kalamu za benki, usipotee tena.

Boksi lifunguliwe mbele ya mnunuzi kabla hajalipa, namba ya modeli isomwe kwa sauti na kulinganishwa na ile aliyoonyeshwa, kisha ndipo risiti iandikwe. Na kwenye risiti, badala ya sentensi ile ya chini, pawepo siku 14 za kurudisha kitu kilicho kizima katika boksi lake. Mkiona siku 14 ni nyingi, wekeni saba, lakini ziandikwe. Kitu kisichokuwa kile nilichoonyeshwa kisiwe na ukomo wa siku, kwani huo si urudishaji, ni kusahihisha kosa la stoo.

Kamisheni iwe sawa kwa kila bidhaa, au ihesabiwe kwa wateja wanaorudi. Mnajua wenyewe mahesabu yenu, mimi nimetaja tu mahali panapovuja. Na muuzaji anayesema "sijui, ngoja tusome" asikatwe kitu kwa dakika kumi alizotumia kusoma.

Kuhusu shauri langu mimi, amplifaya imerudi ndani ya boksi lake, pamoja na rimoti ambayo haijatolewa kwenye plastiki. Risiti nimeibandika juu, na kando yake nimebandika picha mbili, ya nyuma ya mashine ya maonyesho na ya nyuma ya hii yangu. Sidai fidia. Nataka nibadilishiwe nipewe ile niliyoonyeshwa, nami nitaongeza tofauti ya bei kama ipo. Nipo tayari kuileta siku yoyote ya juma asubuhi, na safari hii nitakuja peke yangu.

Wenu,

Fundi mitambo, na bado ni mteja

Nakala: Meneja mwenye barua zangu tatu